Kabla hujalipia VPN, soma wanachohifadhi

VPN, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva zake kwa njia iliyosimbwa, inahamisha imani yako tu. Yale ambayo kampuni inayokupa intaneti ilikuwa ikiyaona, sasa anayaona mwenye VPN. Kwa hiyo tangazo la "hatuhifadhi kumbukumbu" za matumizi yako lisikutoshe. Fungua sera ya faragha, utafute kama wanaandika anwani ya IP uliyotokea (namba ya muunganisho wako wa intaneti) na saa uliyounganisha. Hayo mawili yakikutanishwa yanaweza kukutambulisha. Tafuta pia ripoti ya wakaguzi wa nje, au tukio lililowapima kweli. Aprili 2023, polisi wa Sweden waliingia ofisi za kampuni ya VPN ya Mullvad wakiwa na hati ya upekuzi, wakaondoka bila data ya mteja yeyote. Huo ndio ushahidi ninaouthamini kuliko nyota za mitandaoni.

Kwenye programu ya VPN, chagua itifaki (njia ya kuunganisha) ya WireGuard au OpenVPN. Itifaki ya PPTP iache kabisa, usimbaji wake ulishavunjwa zamani. Washa swichi inayokata intaneti pale VPN inapokatika, maana mara nyingi huja imezimwa. Halafu fungua tovuti ya kupima uvujaji wa DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP: ukikuta bado linatokea jina la kampuni yako ya intaneti, maombi yako ya DNS yanapita nje ya VPN, na chanzo kimojawapo huwa ni IPv6, toleo jipya la anwani za IP. Izime, upime tena. Bado inavuja? Badilisha huduma.

Za bure zisizoeleza zinapata wapi pesa, achana nazo. Seva zina gharama. Na usikimbilie kulipia miaka 3 kwa sababu ya punguzo, anza na mwezi 1.