Fo-wili ya zamani: itengeneze kwanza ndo uiongezee manjonjo

Mtu akishapata fo-wili yenye miaka 25 au 30 kitu cha kwanza anachowaza ni kuinyanyua, aifunge matairi makubwa, winchi mbele na mataa juu ya paa, na gari yenyewe ukikanyaga breki inavuta kushoto. Mimi nasema geuza. Hela ya kwanza iende kwenye breki, usukani na kupoza injini, manjonjo yafuate, tena mengine utakuja kuona wala huyahitaji.

Anza kwa kuiosha, siyo bodi, chini kabisa, maana tope lililogandamana kwenye chesisi ndo linakula chuma na ndo linaficha nyufa. Ikikauka chukua nyundo ndogo upite unagonga gonga, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu na magamba yanadondoka. Komalia pale chesisi inapopinda juu ya eksel ya nyuma, vishikio vya springi, na pale bodi inapokalia chesisi. Ukikuta tundu usikubali kupigwa bati juu ya kutu, kata mpaka ufike chuma safi ndo uchomelee, na kabla ya kuchomelea chomoa waya za betri na za alteneta, hakikisha pia hakuna paipu la mafuta au la breki linalopita nyuma yake.

Sasa kabla hujaingia uvunguni. Handbreki ya baadhi ya fo-wili za zamani, Land Rover Defender mfano, haikamati tairi, inakamata propela shafti (ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu), kwa hiyo ukinyanyua tairi moja la nyuma difu, zile gia zinazogawia matairi mawili nguvu, inakubali kuzunguka na gari inashuka kwenye jeki hata kama handbreki umeivuta mpaka mwisho. Zuia matairi yaliyobaki chini, mbele na nyuma, weka stendi, na jeki peke yake usiiamini hata dakika moja.

Tairi la mbele likiwa juu lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa: mchezo ukiisha hiyo ni beringi ya habu, ukibaki ni kingpini au bol jointi, zile egemeo ambazo tairi linapindia. Watu wananunua beringi mpya kila mara kumbe tatizo liko kwingine, kisa hawakufanya hili jaribio la bure. Kisha shusha gari, mtu achezeshe usukani kidogo kidogo kulia kushoto, wewe lala uangalie tai rodi (fimbo zinazosukuma matairi yapinde) moja moja, ile ambayo upande mmoja unaanza kusogea kabla ya mwingine ndo mgonjwa.

Bolti zilizoganda zisikupandishe hasira. Sugua uzi wake kwa brashi ya waya, mwagia oili ya kulegeza kutu tangu jana yake, na siku ya kazi anza kuikaza kidogo ndo ulegeze, ikigoma rudi nyuma mwagia tena. Nati za paipu za breki zinataka spana yake maalumu inayokumbatia nati karibu pande zote, spana ya kawaida itazila kona halafu kazi ya nusu saa inakuwa ya kubadilisha paipu zima.

Breki zenyewe: mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, badilisha kila miaka 2 hata kama gari ilikuwa imepaki tu. Ile mipira inayokwenda kwenye matairi ukiikunja ikaonyesha nyufa, itupe, na hata isiyo na nyufa inaweza kuwa imevimba kwa ndani, mafuta yanaingia ila hayarudi, breki inabaki imeshika na habu inachemka. Pedali ikienda chini sana kwenye gari yenye drami nyuma, kabla hujalaumu masta silinda (pampu ya breki) angalia adjasta za drami, zile zinazosogeza viatu vya breki karibu na drami, mara nyingi zimeganda.

Kwenye kuchemsha injini, kuna tabia ya kutoa thamostati, ile valvu inayofungulia maji yaende rejeta yakishapata moto, ili "ipoe vizuri". Acha. Injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta na inaisha mapema, na ugonjwa halisi, rejeta iliyoziba au kifuniko chake kisichoshika presha, uko palepale. Thamostati itie kwenye sufuria ya maji jikoni uyachemshe, inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, tuseme nyuzi 82. Feni yenye klachi ya silikoni unaipima injini ikiwa ya moto na imezimwa: isukume kwa mkono, ikizunguka raundi kadhaa kwa ulaini imekufa.

Haya, manjonjo. La kwanza ni la bei ya paipu la plastiki na hakuna atakayeliona: bridha ya difu, yaani tundu lake la kupumulia. Difu ikitoka kwenye mwendo inakuwa ya moto, ukiingia mtoni inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Fungua bolti ya oili, ikitoka na rangi ya chai ya maziwa maji yameshaingia. Unganisha paipu kwenye bridha za difu zote mbili, gia boksi na transfa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), ulipandishe mpaka juu kwenye boneti, lifunge lisiguse ekzosti na liwe na ulegevu wa kutosha eksel ikishuka.

La pili ni taa. Kabla ya kununua mataa mapya chukua mita, injini ikiwa inanguruma pima volti kwenye betri halafu kwenye plagi ya taa iliyowashwa. Betri ikisoma 13.8 na taa 12.4 basi waya na swichi za zamani zimekula 10%, na taa ya halojeni ikipungukiwa volti 10% inapoteza karibu 30% ya mwanga. Dawa ni rilei, swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, pini zake zina namba: pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda taa, 86 inachukua waya wa zamani wa taa, 85 inakwenda athi. Angalizo, kwenye baadhi ya magari ya Kijapani swichi inakata upande wa athi, hivyo pima kwanza ndo uunge.

Kuinyanyua? Inchi 2 zinatosha, na zenyewe zinakuja na madeni. Propela shafti inabadilika pembe, mipira ya breki inakuwa mifupi, na zile gari zenye kifimbo kinachogawa breki za nyuma kwa mzigo zinadhani hazijapakia kitu, breki ya nyuma inapungua mpaka ukirekebishe. Yuboti za springi (zile bolti zenye umbo la U) usizirudishie, nunua mpya, na bolti za bushi, zile za mpira kwenye ncha za springi, uzikaze mwisho gari ikiwa imesimama kwa uzito wake chini, ukizikaza ikiwa juu mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema.

Matairi nayo fanya hesabu. Kutoka 235/85R16 kwenda 285/75R16 kipenyo kinatoka kama mm 806 kwenda 834, difu inapanda nusu ya ongezeko hilo tu, mm 14, huku gari inakuwa nzito kuondoka na spidi ikisoma 100 wewe uko 103 na ushee. Kwa mm 14 mimi ningebaki na saizi ya kiwandani, nikachukua zenye meno mazuri.

Ukishafunga springi mpya tembea kilomita 100 hivi kisha rudi na spana ukaze yuboti zote upya, maana majani ya springi yanakuwa yameshajipanga na nati zimelegea.