Samansi ya kesi ya jinai: isome, itie sahihi, nenda

Pale kaunta ya korti ninapofanya ukarani, watu hunijia wameishika samansi, ile karatasi ya kuitwa kortini, kama wameshika kaa la moto. Swali ni lile lile: "Nikitia sahihi, si nitakuwa nimekubali kosa?" La, hasha. Wengi wamejiponza kwa hofu hiyo, ndiyo maana naandika.

Kesi za jinai hapa Kenya zinaendeshwa kwa Sura ya 75 ya sheria. Malalamiko yakimfikia hakimu, anaweza kukuita kwa samansi au kutoa waranti ukamatwe. Waranti haitoki hivi hivi: lazima kwanza mlalamikaji au shahidi awe ameapa.

Samansi huandaliwa nakala mbili, na hakimu hutia sahihi. Ikikufikia, isome polepole: jina lako, kosa kwa ufupi, korti gani, siku na saa. Angalia tarehe vizuri. Mama mmoja alinijia akitetemeka, akiamini amechelewa wiki nzima. Nikamwekea kidole kwenye karatasi: alikuwa amesoma tarehe ya kutolewa, iliyo karibu na sahihi ya hakimu. Siku yake ya kufika ilikuwa kesho yake.

Anayeileta ni polisi, ofisa wa korti au mtumishi mwingine wa umma. Nakala moja ni yako. Ya pili atakuomba uitie sahihi nyuma, kisha anairudisha ikaingie kwenye faili. Sahihi hiyo inasema neno moja tu: nimepokea. Kosa utalikana au kulikubali mbele ya hakimu, ukishasomewa mashtaka.

Kujificha hakusaidii. Usipopatikana, samansi inaweza kuachwa kwa jamaa yako mtu mzima, kwa mfanyakazi anayeishi kwako, au kwa mwajiri. Ikishindikana, hubandikwa kwenye nyumba yako mahali panapoonekana, na sheria inakuhesabu umeipata. Kwa hiyo waambie watu wa nyumbani mapema: karatasi ya korti ikifika, wakupigie simu siku hiyo hiyo. Nimeona samansi iliyokaa chini ya godoro mpaka polisi wakabisha hodi na waranti.

Mtu akikuambia umpe pesa "aifute", mkatalie. Karani hana uwezo huo, polisi hana.

Siku yenyewe, beba nakala yako na ufike kabla ya saa iliyoandikwa. Tafuta jina lako kwenye orodha ya kesi; usipoliona, njoo kaunta na samansi mkononi, usirudi nyumbani. Ukiwa umelazwa, mtume mtu na barua ya daktari kabla kesi haijaitwa, maana faili ikifunguliwa na wewe hupo, waranti inaweza kutoka dakika hiyo hiyo. Jina lako likiitwa, simama, itika, usogee kizimbani.