Kuhama na bastola kutoka Pennsylvania hadi Maine bila kuvunja sheria za majimbo ya njiani

Wiki hii nimemsaidia jamaa anayehama Lancaster kwenda Lewiston kufungasha bastola yake. Lancaster na Lewiston zote zina Wakongomani na Wasomali wengi wanaozungumza Kiswahili, na maswali aliyoniuliza nayasikia kila mara, kwa hiyo nayajibu hapa.

Bastola ikiwa halali Pennsylvania na halali Maine, tabu iko katikati. New York ilikaza sheria zake kuanzia Septemba 1, 2022, baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani. Connecticut ilifuata mwaka 2023, Massachusetts 2024. Leseni ya Pennsylvania ya kubeba bastola haitambuliwi katika majimbo hayo matatu. Kinachokuvusha ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, kifungu cha 926A, na inakulinda ukitimiza masharti yake yote.

1. Anza na hadhi yako ya uhamiaji

Mwenye grini kadi na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaweza kumiliki silaha. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, ila kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Kwa hiyo usimpe mpwa wako mwanafunzi aendeshe gari lenye bastola yako huku wewe ukitangulia na lori la mizigo. Silaha isafiri na mwenyewe.

Na hili lishike kuliko yote: asiye raia akipatikana na hatia ya kosa la silaha, hata kama ni kumiliki tu, anaweza kufukuzwa nchini. Mmarekani akiteleza hapa analipa faini au anakaa jela kisha anarudi nyumbani. Wewe unaweza kupoteza nyumba yenyewe.

2. Toa risasi zote

Chomoa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), vuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma), angalia chemba (tundu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na kwa kidole.

3. Acha magazini kubwa

New York, Connecticut na Massachusetts zinakataza magazini za zaidi ya risasi 10. Kifungu cha 926A kinataja silaha na risasi, magazini hakizitaji. Wapo mawakili watakaokuambia zinaingia humo humo, lakini hoja hiyo utaitoa ukiwa tayari mbele ya hakimu. Uza zile za 15 na 17 kabla ya kuondoka, ununue nyingine Maine.

4. Funga, na ufunge vizuri

Sheria inataka silaha isiwe na risasi, na silaha wala risasi zisifikike kutoka wanakokaa abiria. Gari dogo lenye buti iliyojitenga halina shida: kila kitu kiende kwenye buti.

Shida ni kwamba watu wetu wenye familia wanaendesha minivan na SUV, ambako mtoto wa kiti cha nyuma akinyoosha mkono anafika kwenye mizigo. Gari la namna hiyo sheria inalihesabu kuwa halina sehemu ya mizigo iliyojitenga, na hapo inataka kasha lililofungwa kwa kufuli. Droo ya dashibodi na kisanduku cha katikati ya viti vya mbele havikubaliki hata vikiwa na kufuli. Sheria imevitaja kwa jina. Wengi wanaijaza droo hiyo kwa imani kwamba "si imefungwa?", na ndiyo sehemu ya kwanza unayoifungua ukitafuta kadi ya gari mbele ya polisi.

Mimi napendelea kasha la chuma la kufuli ya ufunguo, lenye waya wa chuma unaozungushwa kwenye miguu ya kiti. Mifuko ya zipu siiamini kabisa. Makasha ya alama za vidole nayo siyapendi, betri huisha. Risasi ziweke kwenye kasha la pili, nalo lifungwe. Makasha yote yawe nyuma kabisa, chini ya mizigo, na funguo ziwe mbali nayo.

5. Chagua njia mwenyewe

Simu itakuvutia New Jersey na daraja la George Washington. Kataa. Panda barabara kuu ya I-81 hadi Scranton, shika I-84: maili kama 70 za New York, kisha Connecticut, hadi Massachusetts. Ukitokea magharibi, kama Erie, usikubali mkato wowote wa Kanada. Sheria ya Marekani haikulindi ukishavuka mpaka.

6. Usilale njiani

Sheria inalinda safari, na haisemi lolote kuhusu kusimama. Mwaka 2005 msafiri wa Utah alikosa ndege ya kuunganisha kwenye uwanja wa Newark, New Jersey, akapewa begi lake, akalala hotelini. Bastola ilikuwa imefungwa ndani ya kasha, ndani ya begi. Asubuhi alipoitangaza kaunta, kama alivyotakiwa, alikamatwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema sheria haikumlinda, kwa sababu usiku ule begi lilikuwa mikononi mwake.

Kwa hiyo jaza tangi Scranton. Kujisaidia na mafuta, sawa, kisha endelea. Kumsalimia shangazi Hartford na kulala kwake, hapana, hata akilia. Mwende siku nyingine bila bastola. Ni safari ya saa nane hivi. Kama huziwezi, lala Pennsylvania uondoke alfajiri.

Kwa ndege ni hivyo hivyo: usiunganishie Newark, wala viwanja vya New York vya JFK na LaGuardia.

7. Ukisimamishwa

Mikono juu ya usukani, sauti ya chini. Usidanganye. Polisi akiomba kupekua, sema kwa adabu kwamba hukubali, na usimzuie akiendelea. Beba karatasi za pande zote mbili, yaani leseni yako na mkataba wa nyumba ya Maine.

Ukikamatwa, omba wakili, kisha nyamaza. Waendesha mashtaka wanaweza kukupa nafasi ya kukiri kosa dogo urudi nyumbani siku hiyo hiyo. Usitie sahihi kabla wakili hajakueleza kukiri huko kutafanya nini kwa grini kadi yako. Tangu 2010 Mahakama Kuu imesema hilo ni wajibu wake. Muulize kwa maneno hayo hayo, naye akikujibu kwamba mambo ya uhamiaji si kazi yake, omba upewe muda utafute anayeyajua.