Kutengeneza gari la familia nyumbani baada ya ajali ndogo ya mbele

Gari letu la nyumbani, Toyota IST ya mwaka 2004, liligonga nyuma ya lori dogo katika foleni ya jioni jijini Dar es Salaam, kwa mwendo usiofika kilomita 30 kwa saa. Hakuna aliyeumia. Bampa lilipasuka, taa ya kushoto ilivunjika, fenda ya upande huo ilijikunja, boneti ilinyanyuka katikati, na rejeta ikaanza kuvuja. Madhara ya kiasi hiki mtu mwenye seti ya spana, jeki, stendi imara na subira ya siku kadhaa anaweza kuyarekebisha uani kwake, mradi akubali kwamba kazi huanza na futi ya kupimia, na kwamba nyundo ina zamu yake ya mbali sana.

Kwanza malizana na polisi na bima. Mwenye bima kubwa asifungue hata nati moja kabla mkaguzi wa kampuni hajaliona gari, kwa sababu kitu kilichoondolewa ni vigumu kukithibitisha. Piga picha kila upande, ukiwamo uvungu.

Kisha tazama mifuko ya hewa. Ikiwa ilifumuka, au taa yake ya onyo haizimiki kwenye dashibodi, sehemu hiyo ya kazi si ya nyumbani: mifuko, kompyuta yake na mikanda inayojivuta yenyewe wakati wa ajali hubadilishwa na fundi aliyesomea mfumo huo. Wapo wanaounganisha kipande cha waya ili taa ya onyo izimike, kisha gari likapakia watoto kwenda shule likiwa halina ulinzi wowote. Naomba sana jambo hilo lisifanyike. Hata kama mifuko haikufumuka, fungua waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa mfumo huhifadhi umeme kwa muda mfupi baada ya betri kuondolewa. Plagi na nyaya za rangi ya njano ni za mfumo huo. Usizichomoe wala usizipime kwa mita. Ikiwa gari ni la haibridi, yaani linaloendeshwa kwa injini na betri ya umeme mkubwa, na ajali imefika kwenye nyaya nene za rangi ya machungwa, ishia hapo, kwani umeme wake unaweza kuua.

Sasa ndipo kipimo kinapoingia. Magari mengi madogo hayana chesesi iliyo peke yake kama ya lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na mbele kuna mihimili miwili iliyoundwa ijikunje kwa mpangilio ili kupunguza nguvu ya pigo kabla halijawafikia abiria. Mhimili uliokwisha kujikunja hauwezi kufanya kazi hiyo mara ya pili. Chagua matundu mawili ya bolti yanayofanana, moja kulia na moja kushoto, karibu na pale shokomzoba inapofungwa juu, na mengine mawili kwenye ncha za mbele za mihimili. Pima kutoka nyuma kulia hadi mbele kushoto, kisha kutoka nyuma kushoto hadi mbele kulia. Vipimo hivyo viwili vya mshazari vinapaswa kulingana, na tofauti inayozidi milimita 3 hivi ni dalili kwamba bodi imekwenda upande. Tafuta pia makunyanzi kwenye mihimili, rangi au gundi ya maungio iliyopasuka, na mlango wa mbele ambao pengo lake limebadilika. Ukiona lolote kati ya hayo, gari liende kwenye gereji yenye mashine ya kunyooshea bodi. Usikubali mhimili upashwe moto kwa gesi hadi uwe mwekundu ndipo upondwe, kwa maana chuma kigumu cha magari ya sasa hupoteza nguvu yake kwa joto hilo hata kikionekana kimenyooka.

Usukani nao uchunguzwe mapema. Ikiwa gurudumu moja limesogea nyuma kuliko mwenzake, au tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) au mkono wa chini unaoshika gurudumu umepinda, kifaa hicho hubadilishwa, hakinyooshwi.

Vipimo vya gari letu vililingana, kwa hiyo tulianza kufungua. Bampa hushikwa na klipu na bolti za juu chini ya boneti, skrubu za ndani ya tao la kila gurudumu, na klipu za chini. Baada ya hapo pembe zake huvutwa taratibu kwenda nje. Kwenye Toyota, spana namba 10 hufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Weka bolti za kila kifaa katika kopo lake na uandike jina lake, maana bolti ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kutoboa kitu upande wa pili. Bampa likitoka, taa hufunguka kwa urahisi, na fenda hufuata: ina bolti za juu, za mbele, za chini karibu na ubao wa mlango, na moja inayosahaulika mara kwa mara ambayo huonekana mlango ukifunguliwa.

Rejeta isifunguliwe ikiwa ya moto. Maji yake yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) yakingwe kwenye beseni na kufunikwa mara moja, kwa sababu ladha yake ni tamu na ni sumu kali kwa watoto na wanyama. Magari mengi ya otomatiki huwa na mipira miwili inayopitisha oili ya gia boksi chini ya rejeta. Oili itamwagika kiasi, na ni lazima irudishwe ya aina ile ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Nimeona gia boksi nzima ikiharibika kwa sababu aliyebadilisha rejeta alikumbuka maji akaisahau oili. Mabomba ya kiyoyozi usiyafungue mwenyewe, kwani gesi iliyomo ina shinikizo; ikiwa kondensa (rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya rejeta ya injini) imetoboka na gesi imekwisha kutoka, ziba matundu kwa utepe ili unyevu usiingie.

Ukienda kununua spea, Gerezani kwa wa Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga kwa wa Nairobi, beba kifaa cha zamani mkononi. Taa inahitaji uangalifu wa pekee: Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto, na taa iliyotengenezwa kwa nchi za upande wa kulia huelekeza mwanga machoni mwa anayekuja, hata kama inaingia vizuri mahali pake. Fenda iliyotumika yenye rangi ya gari lako ni nafuu kuliko kunyoosha na kupaka upya. Namba ya rangi imo kwenye kibati cha utambulisho, chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. 040, kwa mfano, ni nyeupe ya Toyota inayoonekana kila mahali.

Palipobonyea panyooshwe kwa mpangilio wa kinyume: kilichopinda mwisho ndicho kinachonyooshwa kwanza. Anza kwenye kingo za mbonyeo, weka kipande cha chuma chenye uso uliosawazika upande mmoja na ugonge polepole upande mwingine, ukielekea katikati. Anayeanza katikati kwa nyundo nzito hutanua bati, na bati lililotanuka halirudi. Boneti ikiwa imejikunja hadi fremu yake ya ndani, nunua nyingine. Bampa la plastiki hulainika kwa maji ya moto na kusukumwa kutoka ndani; ufa huunganishwa kwa pasi ya kulehemu plastiki kutoka upande wa nyuma. Kushona kwa waya, kama ilivyozoeleka, hushikilia kwa muda, lakini mshono huchomoza chini ya rangi.

Puti ni ya kusawazisha, si ya kujaza shimo. Toa rangi hadi bati lionekane, sugua kwa msasa namba 80, changanya puti na kigumishi chake kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na upake tabaka jembamba. Unene wa jumla usizidi milimita 3. Sugua kwa 180, kisha 320, msasa ukiwa umezungushiwa kibao, kwa kuwa vidole huchimba mifereji. Usiamini macho peke yake: funga macho, pitisha kiganja kilicholala juu ya bati, nacho kitakuambia palipobaki. Paka praima (rangi ya msingi) siku hiyo hiyo, hasa kwa wakazi wa pwani, ambako hewa ya chumvi huanzisha kutu kwenye bati tupu usiku mmoja.

Rangi ya mwisho mimi nilimpa fundi, na ninamshauri msomaji afanye hivyo. Rangi na vanishi zinazochanganywa na kigumishi huwa na kemikali za aisosayaneti ambazo, zikipuliziwa na kuvutwa kwa pumzi, zinaweza kusababisha pumu isiyopona, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizizuii. Uani penye watoto na majirani si mahali pake.

Wakati wa kurudisha, usikaze bolti yoyote kabisa mpaka vifaa vyote viwe mahali pake. Anza na fenda kwa kuipanga na mlango, kisha boneti kwa kuipanga na fenda zote mbili, halafu taa, na bampa mwisho. Jaza rejeta, washa injini kipulizio cha joto kikiwa wazi, na uongeze maji kadiri hewa inavyotoka. Funga boneti kwa kuiachia kutoka kimo cha sentimita 20 hivi, kisha ivute kwa nguvu: kufuli ikamate, na ndoano ya pili ya usalama nayo ikamate hata kufuli ikifunguliwa. Boneti inayofunuka barabarani humfunika dereva macho.

Taa zipangwe usiku, gari likiwa mahali tambarare umbali wa mita 5 kutoka ukutani. Taa zikiwa zimeshushwa (dimu), mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha katikati ya taa kwa sentimita 5 hivi. Kisha endesha gari peke yako, bila familia, kwa mwendo mdogo. Achia usukani kidogo mahali pasipo na magari uone kama gari linavuta upande, na ukirudi kagua kipimo cha joto, sakafu chini ya rejeta, na oili ya gia boksi. Kipimo cha mwelekeo wa magurudumu kifanyike kwenye mashine ndani ya wiki hiyo, hata kama gari linakwenda moja kwa moja, nawe upitie bolti zote kwa spana baada ya kilomita 100 za kwanza.