Somo: Siku zinazorukaruka na kutafuta mimba

Hedhi isiyotabirika haimaanishi kwamba hutazaa. Wala si kinga ya mimba. La kujua ni moja: je, yai linatoka, na linatoka lini?

Hatua ya 1: Hesabu vizuri. Siku ya kwanza ni ile damu inapohitaji pedi. Matone ya jana yake hayahesabiwi. Izungushie duara kwenye kalenda. Hedhi ikirudi, zungushia tena, kisha hesabu siku kati ya duara na duara. Ikianza 3 Machi na kurudi 7 Aprili, mzunguko ni siku 35. Wengi huanza kuhesabu damu inapokatika, na hapo hesabu yote inaharibika. Wengine huingiwa na hofu kwa sababu tu mwezi huu ilikuja tarehe 5 na mwezi uliofuata tarehe 2. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 hazina neno. Kwa msichana aliyevunja ungo juzijuzi, hata 45. Shaka inaanza mzunguko mrefu na mfupi wako ukipishana kwa zaidi ya siku 9 hivi, damu ikipita siku 8, au siku 90 zikiisha bila hedhi.

Hatua ya 2: Pima mimba, hata kama una hakika huna. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinaaminika siku 21 baada ya kukutana mara ya mwisho bila kinga. Kikionyesha mimba, nawe una maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, nenda hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda imetunga kwenye mrija.

Hatua ya 3: Lifuatilie yai. Hapa ndipo wengi hupotea. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayokuja*, si baada ya ile iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 40 yai lake hutoka karibu siku ya 26, wakati yeye na mumewe walijitahidi siku ya 14 wakaacha. Yai huishi saa 12 hadi 24, mbegu za mume hadi siku 5, kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama sita tu.

Mizunguko ikirukaruka, kalenda haiwezi kukuonyesha siku hizo. Tazama ute. Kabla ya haja ndogo, jipanguse kwa tishu. Ute mzito au wa kunata: bado. Ukiwa mwangavu na wa kuteleza, ukivutika kati ya vidole viwili bila kukatika kama ute wa yai bichi, kutaneni siku hiyo na zinazofuata. Usipousoma vizuri usijitese. Kukutana kila baada ya siku mbili au tatu, mwezi mzima, kunatosha.

Hatua ya 4: Tafuta chanzo. Ndevu kidevuni, chunusi na uzito kupanda huelekeza kwenye PCOS, hali ya homoni kuvurugika hadi yai likashindwa kutoka kwa mpangilio. Maziwa kutoka bila kunyonyesha ni dalili ya prolaktini, homoni ya maziwa, kuzidi. Thairoidi (tezi ya shingoni), kukonda ghafla na mawazo mazito pia huvuruga. Anzia kituo cha afya. Ikibidi utapewa rufaa, kwa mfano hospitali ya Jaramogi kwa walio Kisumu. Vipimo vya kwanza ni TSH (cha thairoidi), prolaktini, skani, na projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka. Hii ya mwisho hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Ukiambiwa "njoo siku ya 21" na mzunguko wako ni wa siku 35, eleza; yako ni siku ya 28. Mume naye apimwe mbegu, akiwa amekaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga.

Wenye siku zinazorukaruka msisubiri ule mwaka mmoja wa kujaribu ambao wengine huambiwa wamalize kwanza. Nendeni sasa.

Maswali ya wanachama

*Dada, niliacha sindano ya miezi mitatu na siku hazijatulia. Imeniharibu? (Ahero)*
Hapana, mama. Sindano hukawia kuisha mwilini. Wengi hushika mimba miezi kama 10 baada ya sindano ya mwisho, wengine hupita mwaka. Kijiti na koili havina kusubiri huko.

*Nina PCOS. Kipimo cha mkojo cha kuonyesha yai linakaribia kutoka kinasema ndiyo kila siku. (Nakuru)*
Kipimo hicho husoma LH, homoni inayopanda yai linapokaribia kutoka, na kwa wenye PCOS huwa juu hata yai lisipotoka. Tegemea projesteroni. Kama una uzito wa ziada, kupunguza kilo 4 hadi 8 kwa mwenye kilo 80 mara nyingi hurudisha yai.

*Shemeji alipewa letrozole, vidonge vya kusaidia yai kutoka, akashika. Ninunue? (Kondele)*
Usinunue. Kwanza ijulikane kwamba huna mimba, mirija iko wazi na mbegu za mume ni nzima. Kisha daktari apange dozi na siku za kumeza, akufuatilie, kwa kuwa inaweza kuleta mapacha. Unachoweza kuanza leo ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku.

*Sitaki mimba sasa. Kalenda itanitosha? (Kakamega)*
Kwa mizunguko yako, hapana. Ikiwa mfupi wako ni siku 26 na mrefu 38, hesabu ya kalenda inakutaka ujizuie kuanzia siku ya 8 hadi ya 27. Tumia kondomu wakati unachagua njia nyingine kliniki.