Jinsi ya Kutambua na Kulinganisha Rimu za Gari kwa Namna Zilivyoundwa

Wateja wengi wanaoleta rimu gerejini huzilaza chini uso ukitazama juu, na mimi huanza kazi kwa kuzigeuza. Uso wa rimu huonyesha ladha ya mwenye gari, ilhali mgongo wake huonyesha jinsi ilivyoundwa, na uundaji huo ndio unaoamua kama rimu itapinda, itapasuka au itabaki salama siku gurudumu litakapoingia shimoni kwa mwendo wa kasi. Utaratibu ufuatao ndio ninaoufuata kabla ya kufunga rimu yoyote, mpya au ya mtumba.

Hatua ya kwanza: soma maandishi ya mgongoni. Futa vumbi la breki, kisha tafuta vipimo kama 17x7J (kipenyo cha inchi 17, upana wa inchi 7, na J ni umbo la ukingo), ET45 (umbali wa milimita 45 kati ya katikati ya upana wa rimu na sehemu inayogusa kitovu cha gari) na 5x114.3 (matundu matano ya bolti kwenye duara la milimita 114.3), pamoja na mzigo wa juu unaoruhusiwa, ambao huandikwa kwa kilo. Mzigo huo usipungue nusu ya uzito unaobebwa na ekseli nzito zaidi ya gari. Ekseli ikibeba kilo 1,100, kila rimu lazima iweze kubeba angalau kilo 550. Alama ya JWL ni ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi za magari ya abiria, JWL-T ni ya malori na mabasi, na VIA huonyesha kuwa rimu imesajiliwa baada ya kupimwa. Alama hizi huigizwa, kwa hiyo hazitoshi peke yake. Hata hivyo, rimu ya aloi isiyoonyesha mzigo wake popote siifungi.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote, ni kutambua aina ya uundaji. Rimu ya chuma hukatwa kutoka kwenye bati nene, ikakandamizwa na kuchomelewa. Ni nzito, lakini hupinda kabla ya kupasuka, na fundi anaweza kuinyoosha.

Rimu nyingi za aloi ni za kusubu, yaani alumini iliyoyeyushwa, kwa kawaida yenye silikoni takribani asilimia 7, humiminwa katika kalibu. Ndani yake hubaki vipovu vidogo vya hewa, na mtengenezaji hufidia udhaifu huo kwa kuongeza unene. Ukiitazama kwa nyuma utaona ngozi yenye chembechembe na mikono (miti inayounganisha kitovu na ukingo wa rimu) iliyojaa. Ipo pia rimu ya kusubu ambayo pipa lake, yaani sehemu ya duara inayovaa tairi, hupashwa moto na kuvutwa kwa rola linapozunguka, hivyo pipa huwa jembamba na imara zaidi, ingawa uso wake hubaki ni wa kusubu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo inayompa thamani nzuri mtu wa kawaida anayetaka wepesi bila kufilisika.

Rimu ya kufua huanza kama gogo la alumini linalopashwa moto bila kuyeyuka, kisha hukandamizwa kwa mashine yenye nguvu ya maelfu ya tani, mpaka chembe za metali zifuate umbo la rimu. Kampuni ya Fuchs ya Ujerumani iliitengenezea Porsche 911 S rimu za namna hii mwaka 1966. Rimu hizi mara nyingi huwa na mashimo yaliyochongwa kwa mashine nyuma ya mikono, na zikigongwa vibaya huelekea kupinda badala ya kumeguka.

Rimu za vipande viwili au vitatu, kama modeli ya RS ya kampuni ya BBS, hufungwa kwa bolti na kuzibwa kwa gundi ya silikoni. Hupendeza sana, ila kwenye barabara ya makorongo muungano wake unaweza kuanza kuvuja upepo.

Hatua ya tatu: ipime kwenye mizani bila tairi, na uilinganishe na rimu ya saizi ileile. Rimu ya TE37 ya kampuni ya RAYS ya Japani, iliyotolewa mwaka 1996, ilipata namba yake kutokana na uzito wa kilo 3.7 katika saizi ya 15x6J, na wepesi huo uliwezekana kwa sababu ni ya kufua. Rimu ya kusubu yenye wepesi wa ajabu hunitia hofu, kwa kuwa alumini iliyopunguzwa lazima ilitolewa mahali fulani.

Hatua ya nne: pitisha kidole na tochi kwenye ukingo wa ndani wa pipa, kwa kuwa ndiko nyufa hujificha. Rimu ya aloi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani, na joto la kuchomelea huiondoa nguvu hiyo kuzunguka kovu. Nimeona rimu iliyochomelewa ikapasuka tena pembeni mwa kovu lilelile, na tangu siku hiyo sikubali kuifunga rimu ya namna hiyo hata mteja akinisihi.

Hatua ya mwisho ni nati. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali nyingi za kununua pembeni huhitaji nati za koni ya nyuzi 60. Ukizichanganya, nati hulegea. Kaza kwa mpangilio wa nyota kwa kipimo cha kitabu cha gari, ambacho kwa Toyota nyingi ndogo ni Nm (nyutoni-mita) 103, kisha rudia kukaza baada ya kilomita 100.