Unaumwa na hujui sababu? Mambo ya kuzingatia kabla maumivu hayajakuamulia

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunakwenda hospitali pale maumivu yanapotushinda. Kabla ya hapo tunakwenda duka la dawa. Mtu anashuka kwenye daladala jioni, anapita duka la mtaani kwake, anasema "nipe za maumivu", anakatiwa diclofenac kadhaa kwenye kikaratasi, na kesho anaamka kwenda kazini. Wiki inapita, mwezi unaisha. Swali analojiuliza ni moja tu: bado navumilia?

Swali hilo halitoshi, na kwa baadhi ya maumivu linapotosha kabisa. Jino linaweza kukuliza usiku kucha na bado mara nyingi likasubiri hadi asubuhi. Maumivu madogo ya mguu mmoja ulioanza kuvimba yanaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa, na bonge hilo likipanda mapafuni linaua. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza yanauma kiasi gani, jiulize yameanza lini, yanaelekea wapi na yamefuatana na nini. Na jiulize sasa hivi, ukiwa mzima, kwa sababu mtu akishabanwa na maumivu hafikirii vizuri.

Yapo maumivu yasiyo na kusubiri. Haya yajueni nyumbani nyote, maana mgonjwa mwenyewe ndiye huwa wa kwanza kusema "acheni, yatapoa". Kifua kinachobana, hasa maumivu yakielekea mkononi, shingoni au kwenye taya huku jasho likimtoka mtu: ondokeni. Mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila kifua kumuuma sana. Akaishiwa pumzi tu, au akashikwa na kichefuchefu na uchovu wa ghafla. Kichwa kilicholipuka ghafla kwa namna ambayo mtu hajawahi kuumwa, au kichwa kinachokuja na homa na shingo iliyokakamaa, au mdomo uliopinda na mkono uliokosa nguvu. Tumbo lililokaza, likiguswa mtu anaruka. Kutapika damu, au choo cheusi kinachonata. Mgongo unaouma huku miguu inapoteza nguvu, mkojo umegoma au unatoka wenyewe, na sehemu za siri zimekufa ganzi. Hapo mishipa ya fahamu imebanwa na kila saa inayopita ni hasara.

Mawili nayasema peke yake kwa sababu aibu huyachelewesha. Kijana ambaye korodani imeanza kumuuma ghafla ana kama saa 6 tu za kuiokoa. Zikipita hizo, nafasi inapungua haraka. Asiogope kumwambia mama au dada yake, aseme tu anaumwa wapi. Na mwanamke aliyepitiliza siku zake, kisha tumbo la chini likaanza kumuuma, hata kama hajapima ujauzito na hata kama damu haionekani: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Ikipasuka, anavuja damu kwa ndani.

Kwa haya hakuna kikao cha familia. Kuna usafiri. Ndiyo maana suala la usafiri linatakiwa kumalizwa mapema: nani mtaani ana gari na anakubali kugongewa saa nane usiku, dereva gani wa bajaji mna namba yake. Bodaboda haifai kwa mtu anayeishiwa nguvu, hataweza kujishika. Jueni pia hospitali iliyo karibu inayopokea dharura usiku. Ilala wana Amana, Temeke wana hospitali yao ya rufaa, Kinondoni wana Mwananyamala, na Muhimbili pale Upanga kuna idara kamili ya magonjwa ya dharura tangu 2010. Mkaazi wa Kigamboni ajue kabla kama atakimbilia Vijibweni au atavuka, na akivuka ni kwa pantoni au kwa daraja.

Maumivu mengine, ambayo ndiyo mengi zaidi, yana nafasi ya kupumua. Kiuno kilichokamata baada ya kubeba ndoo za maji kwa kawaida huachia ndani ya wiki sita, na mara nyingi mapema zaidi ya hapo. Mimi binafsi naona wiki mbili ni muda wa haki kwa maumivu mapya yasiyo na dalili mbaya: ukiona hayapungui, au yanakwenda yakirudi mahali palepale, panga siku ya kwenda kituo cha afya. Usingoje yafikie miezi mitatu, ambapo wataalamu huyaita maumivu sugu. Yakishakaa hivyo, mishipa ya fahamu yenyewe inaweza kubaki imeamka hata pale kilichoyaanzisha kimekwisha, na kuyatuliza kunakuwa kazi ndefu.

Wiki mbili hizo zinafutika kama maumivu yana wenzake. Homa za jioni, jasho la kulowesha shuka usiku, nguo zinazoanza kulegea mwilini bila wewe kujinyima chakula: nenda. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kinaingia hadi kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na mtu anaweza kuumwa mgongo miezi bila hata kukohoa. Uvimbe unaoushika kwa mkono, nenda. Damu kwenye mkojo, nenda, hata kama utotoni uliona wenzako nao wanakojoa damu na hakuna aliyejali. Kichocho kinatibika, na kikiachwa kinaharibu kibofu. Maumivu yanayokuamsha usingizini, au mapya kabisa kwa mtu aliyepita miaka 50, nayo hayapaswi kuitwa uzee. Bibi akisema "ni uzee tu, mwanangu", mjibu kwa heshima kwamba uzee hauanzi Jumanne.

Mtoto hatakwambia anaumwa. Ataacha kucheza, atakataa kunyonya, atalia ukimshika mahali fulani. Mtoto mdogo ambaye viganja na nyayo zinavimba na kumuuma apimwe selimundu (sickle cell) bila kuchelewa; Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mtoto aliyetambuliwa mapema anaishi vizuri zaidi.

Na kuna maumivu ambayo jamii yetu imeyazoea mno hadi haiyahesabu: ya hedhi. Binti anakosa shule siku mbili kila mwezi, anajikunja kitandani na chupa ya maji ya moto, na mama, bibi na shangazi wote wanamwambia chango, nao walipitia, akizaa litaisha. Tumbo kuuma kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayomwangusha mtu, yanayoendelea hata siku zikiisha, yanayokuja wakati wa tendo la ndoa au wa kujisaidia haja kubwa, hayo si ya kuambiwa "vumilia". Upo ugonjwa uitwao endometriosis, ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje yake, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao huchukua miaka kabla ya kuambiwa wana nini. Shangazi anayemsindikiza binti kwa daktari wa magonjwa ya wanawake anamfaa kuliko shangazi anayemhadithia yake.

Sasa dawa. Kutuliza maumivu wakati unasubiri siyo kosa, ila kuna mipaka. Paracetamol za miligramu 500, mtu mzima asipitishe vidonge 8 kwa saa 24, na akumbuke kuwa dawa nyingi za mafua zina paracetamol hiyohiyo ndani yake. Diclofenac na ibuprofen zikinywewa mfululizo huchubua tumbo, huumiza figo na hupandisha presha. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo asijinunulie. Ukiwa na homa na viungo vinauma kipindi cha mbu, ziepuke kabisa pamoja na aspirini hadi upimwe, kwa sababu huenda ni dengi, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Mji huu ulishapata mlipuko wa dengi 2014 na tena 2019. Anayemeza vidonge vya kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, anaweza kuwa ameshafika mahali ambapo vidonge vyenyewe ndivyo vinavyomrudishia maumivu. Ikiwa duka la dawa linakujua kwa maumivu hayohayo, ujue umeshachelewa kwenda kwa daktari.

Umeamua kwenda. Jambo kubwa kuliko yote ya kujiandaa nalo, kwa maoni yangu, ni maelezo. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango ana dakika chache na wewe, na katika maumivu yasiyojulikana maelezo yako ni kipimo cha kwanza.

"Inauma vipi, mama?"

"Inauma tu, daktari. Mwili mzima."

Hapo daktari hana pa kushika. Mama huyohuyo, anayepika mama lishe na kushinda kwenye kigoda kifupi, angeweza kusema: "Nikiinama kuinua sufuria la wali inashika hapa kiunoni, inashuka nyuma ya paja hadi kisigino cha kushoto, inawaka, na nikikohoa inaruka. Nikilala chali inatulia." Kwa sentensi hizo, daktari tayari anafikiria mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni, na anajua pa kugusa.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hii, yatumie yote. Inachoma, inawaka, inakata, inabana, inavuta, inapwita, inakaza, inatambaa, inakufa ganzi. Kila neno linampeleka daktari upande wake: kuwaka na kutambaa huelekea kwenye mishipa ya fahamu, kunyonga kunakokuja na kuachia huelekea kwenye utumbo, njia ya mkojo au nyongo. Siku chache kabla ya kwenda, andika kwenye daftari au kwenye simu: saa ngapi yalianza, ulikuwa umekula nini, umefanya nini, yalidumu muda gani, nini kiliyapunguza. Onyesha mahali kwa kidole kimoja kama unaweza. Na useme yamekuzuia nini, kwa sababu "siwezi tena kupanda ngazi za ofisini" inaeleweka kuliko "yanauma sana".

Beba dawa zenyewe na maboksi yake, usiseme "vile vidonge vyeupe". Taja pia mitishamba, hijama na chochote ulichofanyiwa. Daktari haulizi ili akuaibishe. Kuna miti inayogongana na dawa. Ukitaka kuombewa au kusomewa, kaombewe na usomewe, lakini tarehe uliyopanga ya hospitali isisogezwe kwa ajili hiyo. Beba kadi ya bima na majibu yote ya zamani. Kama ni tumbo, ondoka asubuhi bila kula ukiwa na chakula mkobani, kwani ultrasaundi ya tumbo la juu huhitaji mtu aliyefunga kwa saa kadhaa. Anayetumia dawa za kisukari asifanye hivyo bila kuelekezwa. Nenda na mtu. Masikio mawili ya mgonjwa mwenye wasiwasi hayashiki kila kitu.

Anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, tofauti na dharura nilizotaja. Najua wengi wanataka kuruka moja kwa moja hadi kwa bingwa, ila bingwa wa nini, ikiwa hujui unaumwa nini? Rufaa inayoanzia chini inakupeleka mahali sahihi, iwe Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili au Ocean Road kwa saratani, na bima nyingi huidai.

Ukiambiwa una taifodi na UTI kwa kila maumivu uliyowahi kwenda nayo, uliza wamejuaje. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa taifodi si cha kutegemewa peke yake, na UTI inataka mkojo upimwe vizuri. Kuuliza siyo ujeuri. "Daktari, naomba kuelewa, ni ugonjwa gani mmeshauondoa, na upi bado mnauwazia?" Muombe akuandikie jina la ugonjwa huo. Muulize urudi lini kama hujapona, na dalili ipi ikurudishe kabla ya siku hiyo.

Kuna siku majibu yatatoka na utaambiwa "hatuoni kitu". Haina maana kwamba unadanganya. Picha haionyeshi kila kitu. Kipandauso, kwa mfano, hakionekani kwenye eksirei. Maumivu sugu yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 imeyapa nafasi yake. Yana matibabu: mazoezi ya viungo, dawa za mishipa ya fahamu, kurekebisha usingizi, kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili bila kudhani kwamba umeitwa mwendawazimu. Ila pia yanahitaji mtu wa kuyafuatilia, kwa hiyo ni bora urudi kwa daktari yuleyule mwezi ujao kuliko kuhama kila wiki na kupigwa ultrasaundi ileile kwa pesa mpya. Ukilazimika kuhama, omba nakala za majibu na muhtasari wa matibabu kabla hujaondoka, zipige picha, mtumie ndugu mmoja azihifadhi kwenye simu yake, na uanze mazungumzo na daktari mpya kwa kumwekea hizo mezani.